Je, Soksi ya Mkono Ni ya Mfumaji au ya Mvaaji?

Jambo tutakalolizungumza safari hii laweza kuonekana dogo mno. Ni habari ya soksi. Wala si soksi za dukani, bali zile zilizofumwa kwa mkono, kitanzi baada ya kitanzi, na mtu aliyekaa kitako akazihangaikia kwa majuma mawili au matatu. Huenda mtu akasema, "Je, walimu wameishiwa na maneno hata watuandikie habari za soksi?" Twamwomba awe na subira kidogo. Jambo kubwa likitazamwa kwa mbali hutisha, na watu huliacha. Bali likitazamwa ndani ya kitu kidogo kilichopo mkononi, hata mtoto hulielewa. Na jambo lililomo ndani ya soksi ni hili: mtu anapomfanyia mwenziwe kitu kwa mikono yake mwenyewe, na kwa upendo, je, ni matakwa ya nani yapasayo kutawala? Ya yule atoaye jasho, au ya yule atakayekitumia kitu chenyewe?

Tusidhani kwamba swali hili ni la mchezo. Tuchukue mfano wa bibi mmoja wa mahali popote penye baridi, iwe Njombe, au Limuru, au ng'ambo huko Ulaya. Amemfumia mkwewe soksi za sufu, nene, zenye maua, na mdomo wake wa juu ameukaza sana ili zisishuke. Amezifuma usiku, na macho yake si mazima kama zamani. Mkwe amezipokea kwa mikono miwili, akashukuru sana, kisha akazitia sandukuni, nazo hazikutoka tena. Kwa nini? Kwa sababu sufu ile humwasha, na mdomo ule humbana hata ngozi ikabaki na alama. Hasemi, maana aona haya. Bibi naye akija kuwaamkia hazioni soksi mguuni, wala haulizi, maana naye aona haya, lakini moyoni mwake asema, "Kazi yangu imedharauliwa." Hapo pana watu wawili wema, wala hapana mwovu hata mmoja, na kati yao umeingia ubaridi ambao sufu haiwezi kuuondoa. Je, kosa ni la nani?

Kabla hatujajibu, na tuitazame kazi yenyewe, maana asiyeijua kazi hawezi kuihukumu. Sindano mbili zilizonyoka, kama zile ambazo watoto wengi wa nyanda zetu za juu wamejifunzia kwa spoki za baiskeli, hufuma kitambaa bapa: mfumaji hufika mwisho wa mstari, akageuza, akarudi. Kitambaa bapa chafaa kwa skafu au blanketi. Lakini mguu si ubao. Mguu ni mviringo. Ukitaka soksi kwa sindano hizo, huna budi kukikunja kitambaa na kuzishona kingo zake pamoja, na penye mshono patakuwa na tuta. Mkono ukilipapasa tuta hilo hauoni neno. Bali mguu uliomo ndani ya kiatu, ukiisha kutembea maili sita, utalijua vizuri.

Kwa hiyo mafundi wa zamani walitumia sindano fupi nne au tano, zenye ncha pande zote mbili. Vitanzi hugawanywa juu ya sindano tatu au nne zikafanya pembe, na ile iliyobaki ndiyo ifanyayo kazi, ikizunguka kutoka pembe moja hata nyingine. Baadaye ikaja sindano ya mviringo. Hii ni ncha mbili fupi zilizounganishwa kwa kamba nyembamba inyumbukayo. Zamani kamba hiyo ilikuwa ya waya wa chuma, na siku hizi aghalabu ni ya nailoni au plastiki. Hati ya uvumbuzi wa sindano ya namna hii ilitolewa Marekani mwaka 1918. Mfumaji wa sindano hiyo hageuzi kazi yake, maana hakuna ukingo wa kugeuzia. Yeye huzunguka tu, duru juu ya duru, na soksi hushuka mikononi mwake pasipo mshono hata mmoja.

Hata juu ya sindano ya mviringo wafumaji wenyewe hawapatani. Wengine hutumia iliyo fupi sana, ya sentimita 23 hivi, ambayo vitanzi vya soksi moja huienea yote. Lakini ncha zake ni fupi mno, nazo huvichosha vidole. Wengine hutumia sindano mbili za mviringo pamoja, nusu ya vitanzi kwa moja na nusu kwa nyingine. Njia hiyo iliandikiwa kitabu na Cat Bordhi wa Marekani mwaka 2001. Wengine tena hutumia moja tu iliyo ndefu, ya sentimita 80 au 100, wakaivuta kamba yake itokeze katikati ya vitanzi. Njia hiyo ilienezwa mwaka 2002 na kijitabu cha Bev Galeskas, naye alijifunza kwa Sarah Hauschka. Kwa kamba ndefu waweza hata kufuma soksi mbili kwa pamoja, moja kando ya nyingine. Faida yake si ndogo, kwa kuwa ugonjwa wa wafumaji wengi ni huu: ya kwanza huifuma kwa furaha, na ya pili huwalemea, hata nyumbani ikabaki soksi moja isiyo na mwenzake.

Basi ukiwakuta wafumaji wamekaa pamoja, utasikia ubishi. Huyu asema sindano tano ndizo za kweli, na kwamba mviringo ni chombo cha wavivu. Yule ajibu kwamba kushika sindano tano ni kama kumshika nungunungu. Huyu huanzia juu penye mdomo akashuka. Yule huanzia vidoleni akapanda, ili aijaribu soksi mguuni kabla haijaisha, na hata uzi ukimpungukia, upungufu uwe wa shingo ya soksi wala si wa vidole. Kila mwamba ngozi huvutia kwake. Wahenga walisema tena, mchagua jembe si mkulima. Nasi twalikubali neno hilo kwa habari ya yule asiyelima, ambaye kila mwezi hutafuta sindano mpya na soksi yake haionekani. Lakini kwa yule afanyaye kazi, kuchagua chombo si kosa. Vidole vya watu havilingani. Mwenye maumivu ya viungo huona nafuu kwa sindano nyepesi za mwanzi. Mwenye haraka hupenda za chuma, kwa kuwa uzi huteleza juu yake. Na msafiri wa basi hupenda mviringo, kwa kuwa hakuna sindano ya kumponyoka ikapotea chini ya viti.

Tufanyeje basi ili tujue lipi ni la hiari na lipi ni la wajibu? Twaona kipimo kimoja chatosha: je, mguu utaijua tofauti? Chukua soksi mbili zilizofumwa vizuri, moja kwa sindano tano na moja kwa mviringo, ukamvike mtu aliyefumba macho. Hataweza kukuambia ipi ni ipi. Ni kweli kwamba mfumaji asiyeangalia huviacha vitanzi vilegee mahali sindano zinapokutana, ikatokea mistari mfano wa ngazi. Lakini kosa hilo hutokea kwa sindano tano na kwa kamba ndefu vilevile. Ni kosa la mkono, si la chombo. Kwa hiyo jambo la sindano ni la mfumaji peke yake. Asimlazimishe mwenziwe, wala asilazimishwe. Mwenye kulifanya kuwa sheria jambo ambalo mguu hauna habari nalo atafuta ukubwa tu.

Lakini yako mambo ambayo mguu una habari nayo, tena habari kamili, na hayo ndiyo tuyasahauyo upesi.

La kwanza ni kipimo. Soksi njema hufumwa ndogo kidogo kuliko mguu, kadiri ya sehemu moja katika kumi, ili ivutike na kushika. Tuseme mguu wa mtu, ukizungushiwa kamba mahali ulipo mpana, una sentimita 22. Toa sehemu ya kumi, zabaki karibu 20. Kama mkono wako na uzi wako hutoa vitanzi 3 kwa kila sentimita, basi wahitaji vitanzi 60. Mtu mwingine, mwenye uzi ule ule na sindano ile ile, ila mkono wake ni mlegevu, huenda akapata vitanzi viwili na nusu tu kwa sentimita. Naye akifuma vitanzi 60 kwa kuwa kitabu kimesema 60, soksi yake itakuwa na sentimita 24, nayo itamzunguka mwenyewe mguuni kama gunia. Kitabu hakikukosa, ila kitabu hakijauona mguu.

La pili ni kisigino. Ziko namna nyingi za kukigeuza. Ile ya zamani, yenye kitambaa kinachoshuka nyuma na vipande vya pembetatu ubavuni, humpa nafasi mtu ambaye mgongo wa mguu wake umeinuka. Ile ya mistari mifupi hupendeza machoni na huhitaji kazi kidogo, lakini mtu huyo huyo aweza kubanwa nayo kila apigapo hatua.

La tatu ni mdomo wa juu. Kijana mwenye shavu jembamba la mguu hutaka mdomo wa kushika, usije ukamshukia njiani. Mzee ambaye miguu yake huvimba jioni hataki hivyo hata kidogo. Na mtu mwenye ugonjwa wa kisukari, ambaye pengine miguu yake imepoteza hisia, huonywa na matabibu avae soksi zisizobana, wala zisizo na mshono wa kuchubua. Kwa kuwa kidonda kidogo asichokisikia chaweza kukua hata kikahatarisha mguu wote. Kwake yeye jambo la mshono si la kupenda au kutopenda.

La nne ni uzi. Sufu ina joto, na hata ikivutwa hurudi mahali pake. Pamba ni baridi na laini, lakini ikiisha kuvutika hulegea. Kwa soksi watu wengi hutumia uzi uliochanganywa, sehemu tatu za sufu na moja ya nailoni ili usichakae upesi, na gramu 100 hivi hutosha jozi ya mtu mzima. Hata hivyo wako watu ambao ngozi yao haiwezi kuvumilia sufu, wala hakuna hoja iwezayo kuishawishi ngozi. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mfumaji hailalii soksi yake. Mvaaji ndiye ailaliaye.

Watu wa kale waliyajua haya. Katika makumbusho ya Victoria and Albert mjini London zimewekwa soksi za sufu nyekundu zilizochimbuliwa nchini Misri, penye makaburi ya mji wa kale wa Oxyrhynchus. Zilifanywa kati ya mwaka 250 na 420. Hazikufumwa kwa sindano mbili kama zetu, bali kwa sindano moja yenye tundu, fundi akiufunga uzi kitanzi juu ya kitanzi. Nazo zimegawanyika mbele, kidole gumba mahali pake na vidole vingine mahali pake. Kwa nini kujipa taabu hiyo? Kwa sababu zilikuwa za kuvaliwa pamoja na makubazi yenye ukanda kati ya vidole. Jina la fundi yule limepotea, na lugha yake hatuijui. Lakini twajua ya kuwa kabla hajaanza kazi aliviangalia viatu vya mwenye mguu.

Hapo labda mtu atauliza, "Kama mvaaji ana matakwa mengi hivyo, kwa nini asiende dukani akajichagulia?" Ni swali zuri, na jibu lake lina historia. Mwaka 1589 William Lee wa kijiji cha Calverton, katika Nottinghamshire, Uingereza, alitengeneza mashine ya kwanza ya kufuma soksi. Malkia Elizabeth wa Kwanza alimnyima hati ya kuulinda uvumbuzi wake, na husimuliwa kwamba aliwahurumia maskini waliopata chakula chao kwa kufuma. Lee akaenda Ufaransa, akafa huko pasipo kuyaona matunda ya kazi yake. Lakini mashine yake haikufa, na baadaye maelfu ya watu wa pande za Nottingham na Leicester waliishi kwa hiyo. Mwaka 1811 mafundi wa pande hizo walianza kuzivunja mashine za mabwana kadha wa kadha. Walinung'unika kwa udogo wa ujira. Walinung'unika tena kwamba mabwana walifuma kitambaa kipana, wakakikata kwa mkasi mfano wa soksi, wakakishona. Soksi hizo zilikuwa rahisi, lakini mshono wake ulifumuka upesi, zikaliharibu jina la kazi nzima.

Leo mashine hufuma soksi ya mviringo kwa dakika chache tu, na sokoni zapatikana kwa bei isiyotosha hata kununua uzi wa kufumia. Basi mfumaji wa mkono amebaki na faida gani? Si upesi, wala si urahisi. Wala si usawa wa vitanzi, maana mashine haichoki wala haisinzii. Imebaki faida moja. Mashine hufuma kwa ajili ya mguu wa namba fulani, yaani mguu wa watu elfu, ambao kwa kweli si mguu wa mtu yeyote. Mkono waweza kufuma kwa ajili ya mguu mmoja, wenye kidonda chake, na urefu wake, na mwasho wake. Mfumaji asiyeuliza habari za mguu huo ameitupa faida yake pekee. Amekuwa mashine, tena mashine iliyo polepole.

Na kama anamfumia mtu asiyemjua? Hata hapo kanuni haibadiliki. Vita Kuu ya kwanza ilipoanza mwaka 1914, Malkia Mary wa Uingereza aliwaomba wanawake wa nchi yake jozi 300,000 za soksi kwa ajili ya askari. Katika mahandaki yenye maji askari walisimama siku nyingi na miguu iliyolowa, na maelfu yao wakapata ugonjwa wa kuvimba na kuoza miguu; wakaamriwa kuikausha miguu na kubadili soksi mara kwa mara. Namna ya kuviunga vitanzi vya penye vidole pasipo kuacha tuta huitwa mpaka leo kwa jina la Lord Kitchener, aliyekuwa waziri wa vita, akafa baharini mwaka 1916. Mwanamke aliyefuma nyumbani kwake hakumjua askari wake kwa uso. Lakini aliijua kazi ya mguu ule: kwamba utatembea, utalowa, utakaa ndani ya kiatu kigumu. Basi hata mtu tusiyemjua anayo mahitaji yanayojulikana kwa mwenye kutaka kujua.

Sasa yako mashauri mawili ya kutupinga, nayo yastahili kusikilizwa.

La kwanza: wazee wetu walitufunza kwamba zawadi haichaguliwi. Hupokewa kwa mikono miwili, na mwenye kuikosoa amevunja heshima. Wahenga wamesema, kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Je, twataka kuwafundisha vijana kudai? La, hasha. Methali hiyo yasema juu ya udogo wa zawadi: mtu asidharau kidogo kilichotoka katika moyo mkunjufu. Haisemi kwamba mtoaji amesamehewa kuangalia. Tena tuangalie wakati. Kabla kitanzi cha kwanza hakijafungwa, kuuliza ni kazi ya mtoaji, wala haihesabiwi kuwa tamaa kwa mpokeaji akijibu kweli. Kitu kikiisha kutolewa, hapo ndipo wajibu humgeukia mpokeaji, nao ni mbili: kushukuru, na kusema kweli kwa upole, tena mapema. Ukimya wa mkwe wetu waonekana kuwa heshima, lakini matunda yake ni kwamba mwaka wa pili bibi atachosha macho yake kwa jozi nyingine kama ile ile. Heshima gani hiyo, imwachayo mzee afanye kazi ya bure mara mbili? Angalisema, "Mama, nashukuru kwa kazi yako, nayo ni ya joto kweli, ila hapa juu pananibana, je, paweza kulegezwa?", hakuna desturi ambayo ingalivunjika. Basi kosa lile tulilouliza lina sehemu mbili: bibi hakuuliza mapema, na mkwe hakusema mapema.

Na kitu kilichofumwa kina huruma ambayo kitu kilichokatwa kwa mkasi hakina. Nguo iliyokatwa vibaya haiungiki; bali kilichofumwa hufumuliwa, na uzi ukarudi kuwa uzi. Soksi iliyoanzwa vidoleni, mdomo wake ndio uliofungwa mwisho. Hufunguliwa na kulegezwa kwa jioni moja. Iliyoanzwa juu ina taabu zaidi, maana mdomo wake ndio mwanzo. Kwa hiyo twaongeza neno katika hukumu yetu ya kwanza: njia ni ya mfumaji, lakini akijua ya kuwa anamfumia mtu ambaye miguu yake hubadilika, mzee au mgonjwa, ni wema kuchagua njia itakayoruhusu kutengeneza baadaye.

Shauri la pili ni hili: je, mfumaji ni mtumwa wa mvaaji? Tumehesabu. Soksi ya vitanzi 60, yenye duru 4 kwa kila sentimita, kwa urefu wa sentimita 33 tu, pasipo kuhesabu kisigino wala ncha ya vidole, ina vitanzi 7,920. Na jozi ina vitanzi 15,840. Mtu avute uzi mara elfu kumi na tano na zaidi, kisha asiwe na neno lake mwenyewe? Hapana, anayo haki. Elizabeth Zimmermann, mwanamke aliyezaliwa Uingereza mwaka 1910 akafa Marekani mwaka 1999, alikuwa mtetezi mkubwa wa sindano ya mviringo, na katika kitabu chake cha mwaka 1971, Knitting Without Tears, aliwatia wafumaji moyo wasiogope, wala wasifuate maagizo kama vipofu, bali watumie akili zao. Lakini mwanamke huyo huyo alibuni soksi ambayo wayo wake, ukiisha kuchakaa, waweza kuondolewa na kufumwa upya. Uhuru wa mfumaji haukumfanya asahau mahali soksi inapotoboka.

Kwa hiyo twayagawa matakwa yote katika mafungu matatu. Yaliyo ya sindano ni ya mfumaji, na mvaaji hana neno. Yaliyo ya mguu, yaani kipimo, kisigino, kubana na kuwasha, ni ya mvaaji, na mfumaji atii. Yaliyo ya macho, yaani rangi na maua, ni ya wote wawili, wapatane. Kwa kuwa mmoja atayatazama majuma matatu akiyafuma, na mwingine miaka mitatu akiyavaa. Wasipoweza kupatana, mfumaji ana haki ya kukataa kazi tangu mwanzo kwa maneno mazuri, maana afadhali kukataa mapema kuliko kufuma kwa manung'uniko. Na mvaaji naye ana deni. Atoe kipimo cha kweli, asijisifu kwa mguu mdogo, azivae, azifue kwa maji yasiyo ya moto, maana sufu hunywea, tundu likitokea aliwahi kwa uzi lingali dogo. Aliyechagua kila kitu, kisha akaziacha ziliwe na nondo, amekosa kuliko yule aliyefuma pasipo kuuliza.

Je, haya ni ya soksi tu? Twaona mtu aliyefanikiwa mjini akimjengea mama yake nyumba kijijini, yenye ngazi nyingi na sakafu ya kuteleza, kwa kuwa nyumba za namna hiyo humpendeza yeye. Na mama, ambaye magoti yake yauma, hulala katika chumba kile cha zamani cha uani. Mwana alitoa fedha nyingi na moyo wote, ila hakuuliza habari za magoti.

Basi, ndugu msomaji, kama yuko mtu unayekusudia kumfumia kabla ya baridi ijayo, chagua sindano zako upendavyo, tano au mviringo. Kisha, kabla hujanunua uzi, nenda kwake na kamba ya kupimia. Uuzungushe mguu wake, upime na urefu wake, na uandike. Muulize kama sufu humwasha, kama miguu yake huvimba jioni, na viatu gani atavaa nazo. Hayo hayachukui muda mrefu, na vitanzi elfu kumi na tano vitakavyofuata vitakuwa vimempata mwenyewe.